Kidonge cha Tezi Kitokanacho na Nguruwe, na Yapasayo Kinapoadimika

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa zake, aliyewahalalishia waja wake vilivyo vizuri na akawaharimishia vilivyo vichafu, kisha asiwatwike katika dini dhiki wasiyoiweza. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuatao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baadu. Waislamu wa Pwani wana jamaa waliotawanyika katika nchi za mbali: huyu ana dada Marekani, huyu ana mtoto Kanada, huyu ana mama yake mdogo Uingereza. Na katika maradhi yanayowapata jamaa hao, kama yanavyowapata waliobaki Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, yamo maradhi ya tezi ya koo. Baadhi ya wagonjwa, na khasa walioko Marekani, hutumia kidonge kiitwacho "cha asili". Kidonge hicho kimeadimika zaidi ya mara moja, na kila kinapoadimika huzuka maneno. Huyu husema: ni haramu tangu hapo, heri kipotee. Huyu husema: mgonjwa na asubiri. Na huyu hukinunua chote kilichoko akakifungia kabatini. Kila neno katika haya lina hukumu yake katika sharia, na hukumu ya kitu haijulikani mpaka kijulikane kitu chenyewe. Kwa hiyo kijitabu hiki chaanza na maradhi, kisha dawa, kisha mas-ala ya dini.

MARADHI YENYEWE

Chini ya kikoromeo, mbele ya koo, Mwenyiezi Mungu ameweka tezi ndogo yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mbawa zake. Matabibu huiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza vitu viwili viendavyo pamoja na damu katika mwili mzima. Kimoja huitwa T4 na cha pili T3, na hesabu hiyo ni hesabu ya chembe za madini ya aidini zilizomo ndani yake. Vitu hivi ndivyo viuamrishavyo mwili uchome chakula kwa kadiri, na moyo upige kwa kadiri, na akili ifanye kazi kwa kadiri.

Tezi hii hupungukiwa kwa sababu nyingi. Pengine mwili wenyewe huishambulia ukaila kidogo kidogo. Pengine hukatwa na tabibu kwa sababu ya uvimbe. Pengine chakula huwa hakina aidini, kama ilivyokuwa zamani katika nchi nyingi za milimani, watu wakaota rovu. Ikipungukiwa, mtu huona baridi wenzake wanapoona joto, hunenepa naye hali zaidi, nywele humtoka, ngozi humkauka, sauti humkwaruza, tumbo humfunga, husahau alilotumwa, na usingizi haumwishi. Mwanamke hedhi yake huharibika, na mimba huenda isishike au ikaporomoka. Mtoto azaliwaye na upungufu huu asipotibiwa mapema, akili yake hudumaa maisha yake yote. Na mtu mzima aliyeachwa muda mrefu bila ya dawa huweza kupoa mwili, moyo ukapiga polepole, akazimia asizinduke.

Basi wanaume na wasikilize. Aghlabu ya wagonjwa wa tezi ni wanawake. Na dalili hizi, mume asiyejua huziita kwa majina mengine. Mke aliyechoka humwita mvivu. Mke aliyesahau humwita mpuuzi. Mke mwenye huzuni husema ana pepo, akampeleka kwa waganga, akatumia katika ubani na kafara fedha ambazo sehemu ndogo tu yake ingelipima damu ikabainisha ugonjwa. Wengine wamewaacha wake zao kwa aibu ambazo kidonge kimoja kila siku kingeliziondoa. Mtu atakuja kuulizwa kwa haya, maana aliyekabidhiwa mchunga huulizwa hali ya kundi lake.

DAWA NA ILIKOTOKA

Katika mwaka 1891 tabibu mmoja wa mji wa Newcastle, Uingereza, jina lake George Murray, alichukua tezi za kondoo, akatengeneza maji yake, akamdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba na kupumbaa kwa ugonjwa huu. Mwanamke yule akapona. Baadaye akawa akiinywa dawa kwa kinywa, akaishi miaka 28 mpaka mwaka 1919, akafa ana miaka 74. Katika muda huo alikuwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Hiyo ndiyo asili ya dawa hii: ilianza kwa kondoo.

Lakini biashara hufuata wingi. Marekani, katika machinjio makubwa ya mji kama Chicago, nguruwe walichinjwa kwa maelfu, na tezi zao zilikuwa zikitupwa. Wenye kuuza nyama wakazikusanya, wakazikausha, wakazisaga, wakazifanya vidonge. Ndiyo maana moja ya dawa hizi mpaka leo ina jina la Armour, kwa kuwa Armour ilikuwa nyumba ya wauza nyama wa Chicago. Basi Muislamu na ajue wazi: vidonge viitwavyo "vya asili", kama Armour Thyroid na NP Thyroid, ni tezi ya nguruwe iliyokaushwa na kusagwa. Neno "asili" limewadanganya wengi. Mtu wa Pwani akisikia dawa ya asili hukumbuka mizizi, majani na habasoda, akadhani hii ni safi kuliko ile ya kiwandani. Kumbe mambo ni kinyume chake.

Na dawa ya kiwandani nayo ina tarikhi yake. Mwaka 1914, huko Rochester, Minnesota, Edward Kendall aliipata T4 peke yake kutoka katika tezi. Mwaka 1927 Charles Harington na George Barger, katika Uingereza, waliiunda T4 pasipo mnyama yeyote. Dawa iliyotokana na kazi hiyo huitwa levothairoksini. Ni T4 ile ile itengenezwayo na tezi ya binadamu, na mwili wenyewe hugeuza sehemu yake ikawa T3. Shirika la Afya la Ulimwengu limeitia katika orodha ya dawa za lazima, na huuzwa katika maduka ya dawa ya miji ya Pwani. Matabibu wengi huitanguliza kwa sababu kipimo chake hakibadiliki. Ama tezi ya nguruwe, ndani yake kwa kila sehemu 4 za T4 iko takriban sehemu 1 ya T3, na tezi ya binadamu hutoa T4 takriban sehemu 14 kwa sehemu 1 ya T3. Hata hivyo wako wagonjwa wasemao kuwa walijiona wazima zaidi kwa ile ya nguruwe. Maneno yao hayadharauliwi, nayo yatazamwa mbele katika mahali pake.

UHABA ULIVYOKUJA

Mwaka 1938 Marekani ilitunga sheria ya dawa. Kidonge cha tezi kilikuwako sokoni kabla ya sheria hiyo, kikaendelea kuuzwa bila ya kupitia idhini ambayo dawa mpya hupitia. Mwaka 2009 kikaadimika nchi nzima, wagonjwa wakazunguka duka kwa duka. Mwaka 2020 baadhi ya aina zake zikarudishwa viwandani: nyingine kwa kuwa nguvu zake zilizidi zilizoandikwa juu ya chupa, na nyingine kwa kuwa zilipungua. Kisha mwezi wa Agosti 2025 idara ya Marekani isimamiayo vyakula na dawa ikatangaza kuwa imewaandikia watengenezaji ya kwamba dawa hizi za wanyama hazina idhini, na kwamba wagonjwa wapewe nafasi ya kuhamia dawa iliyoidhinishwa. Idara hiyo ilikadiria kuwa watu milioni 1 na nusu waliandikiwa dawa hizo katika mwaka 2024.

Wala asidhani mtu kuwa uhaba huipata dawa ya nguruwe peke yake. Mwezi wa Machi 2011 tetemeko kubwa liliipiga Japani, na kiwanda cha mji wa Iwaki, kilichokuwa kikitengeneza karibu levothairoksini yote ya nchi ile, kikasimama. Wajapani wakaagiza dawa kutoka nje, na matabibu wakahimizwa wasimwandikie mgonjwa mmoja dawa za miezi mingi, ili kidogo kilichopo kiwafikie wote. Mfano huu utarejewa katika mas-ala ya nne.

MAS-ALA YA KWANZA: JE, KUKAUSHA NA KUSAGA HUTAKASA?

Katika madhhabu ya Imamu Shafi, nguruwe ni najisi nzito kama mbwa. Na kitu kilicho najisi kwa dhati yake hakitwahariki kwa kugeuka hali, illa vichache vilivyotajwa katika vitabu, kama tembo ikigeuka siki yenyewe, na ngozi ya mfu ikidibaghiwa; na katika ngozi hizo ya mbwa na ya nguruwe haimo. Basi tezi ya nguruwe ikikaushwa jua likaiva, ikasagwa ikawa unga, ikashindiliwa ikawa kidonge, ni nguruwe vile vile. Wako wanavyuoni wa madhhabu nyingine wasemao kuwa najisi ikigeuka kabisa ikawa kitu kingine hutwaharika. Lakini kusaga si kugeuka. Nyama iliyosagwa ni nyama, na unga wa tezi ni tezi. Na kama si hivyo, isingelifanya kazi ya tezi.

MAS-ALA YA PILI: DAWA YA HALALI IPO

Ikiwa levothairoksini yapatikana na yamfaa mgonjwa, haijuzu kwake kuishika ile ya nguruwe kwa sababu ya mazoea, au kwa kuwa jina lake ni la asili, au kwa kuwa jirani aliisifu. Wanavyuoni wa Kishafi waliojuzisha kujitibu kwa najisi wamejuzisha kwa sharti kisipatikane kitu twahara kitakachosimama mahali pake. Imamu Nawawi ameliweka wazi katika Majmuu, na Izzuddin bin Abdissalaam amelieleza sababu yake: maslaha ya afya ni makubwa kuliko maslaha ya kuepuka najisi, basi yanapokutana na hakuna njia ya tatu, hutangulizwa afya. Bali hapa njia ya tatu ipo. Kwa Muislamu huyu, uhaba wa kidonge cha nguruwe si mlango uliofungwa. Ni ukumbusho wa mlango ulio wazi ambao hakuutazama.

Na aulize pia vilivyochanganywa katika kidonge cha kiwandani, maana vingine hutiwa mafuta au jelatini ya mnyama. Akiambiwa kwa yakini kuwa kimo cha nguruwe, na atafute aina nyingine, nazo ni nyingi. Asipopata yakini, asili ya vitu ni twahara, na wasiwasi si dini.

MAS-ALA YA TATU: DAWA YA HALALI HAIPATIKANI AU HAIFAI

Tuseme mgonjwa yu katika mji ambao levothairoksini haipo kabisa, na kilichopo ni kidonge cha nguruwe. Au ameijaribu ile ya kiwandani chini ya tabibu, kipimo kikatengenezwa, damu ikapimwa tena na tena, naye bado ni mgonjwa, na tabibu mjuzi akasema hapana nyingine ila ile. Huyu hukumu yake ni ya mwenye dharura. Mwenyiezi Mungu katika Sura ya Baqara, aya ya 173, alipokwisha kutaja nyamafu na damu na nyama ya nguruwe, alimtoa katika dhambi aliyeshikwa na dharura, bila ya kutamani wala kupita kiasi. Na Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza watu wa Urayna, walipougua Madina, kwenye maziwa ya ngamia na mikojo yao, na mkojo wa ngamia ni najisi katika madhhabu ya Shafi, kwa hiyo wanavyuoni wakaishika hadithi hii kuwa dalili ya kujuzu kujitibu kwa najisi isiyokuwa kileo.

Mtu akileta hadithi isemayo kuwa Mwenyiezi Mungu hakuweka ponya ya umma huu katika vilivyoharimishwa, jawabu ni kuwa Baihaqi na Nawawi wameichukua kwa kileo, au kwa mtu asiyekuwa katika dharura. Mwenye dharura kitu kile si haramu kwake kwa wakati ule.

Lakini dharura ina mipaka mitatu. Wa kwanza, ithubutu kwa maarifa ya mgonjwa mwenyewe au kwa neno la tabibu. Asili ya sharti ni tabibu Muislamu mwadilifu. Na wanavyuoni wa baadaye wamesema katika mlango wa tayammamu kuwa moyo wa mgonjwa ukisadiki ukweli wa tabibu asiyekuwa hivyo, aweza kumfuata. Wa pili, itumike kwa kadiri ya haja tu, na siku ipatikanapo ya halali arudi kwayo. Wa tatu, ashike hukumu za najisi. Kitu kikavu kikigusa kikavu hakinajisi. Walakini kinywa ni kimaji, na aliyetia kinywani kitu cha nguruwe humpasa akioshe kwa sala mara saba, moja yake iwe na udongo. Mwenye kuona uzito wa hayo kila siku ataona pia wepesi aliowekewa katika dawa iliyo twahara.

MAS-ALA YA NNE: KUFICHA DAWA

Mtume (S.A.W.) amemtaja mfichaji wa vitu kuwa ni mkosaji, nayo ni hadithi aliyoipokea Muslim. Mwenye elimu kidogo huenda akasema: Imamu Ghazali katika Ihyaa hakuzitia dawa katika katazo hili, bali amelihusu chakula. Ni kweli ndivyo alivyosema. Lakini mtu asijifiche nyuma ya neno hilo. Alizitaja dawa pamoja na zaafarani na mfano wake, vitu ambavyo mtu akivikosa hukosa raha wala hafi. Ama kidonge cha tezi, kwa asiyekuwa na tezi, hushika mahali pa kitu ambacho mwili hauishi bila yake, nacho chafanana na chakula zaidi kuliko kufanana na dawa. Na mafaqihi wa Kishafi wamesema katika mlango wa vyakula kuwa mwenye chakula asichokihitaji kwa wakati ule, akijiwa na aliyeshikwa na dharura, humpasa kumpa kwa thamani yake. Basi mwenye chupa sita kabatini, na jirani yake hana hata kidonge kimoja, na tabibu amemwandikia dawa ile ile, ajipime kwa mizani hii.

Na si kila kuweka akiba ni kuficha. Nabii Yusuf (A.S.) aliweka nafaka ya Misri miaka saba, akawagawia watu kwa kipimo mwaka wa njaa ulipofika, hata ndugu zake waliotoka Kanaani. Akiba yake ilikuwa kwa ajili ya watu. Akiba ya mfichaji ni juu ya watu. Wajapani wa mwaka 2011 waliopunguza muda wa dawa ili wengi wapate walifanya jambo ambalo Waislamu ndio walioamrishwa kulitangulia.

MAS-ALA YA TANO: KUACHA DAWA KWA KUTAWAKALI

Katika madhhabu ya Shafi, kujitibu ni sunna, na mwenye kuacha kwa nguvu ya kutawakali hana lawama. Yule mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (S.A.W.) alihiyarishwa baina ya kuombewa na kusubiri, naye akachagua kusubiri. Kwa hili wako wasemao: dawa ya tezi imeadimika, basi na iachwe, na mgonjwa avumilie.

Haya ni kuweka neno pasipo mahali pake. Wanavyuoni hawakuwajibisha kujitibu kwa sababu manufaa ya dawa nyingi ni ya kudhania tu. Walakini palipo na yakini wamewajibisha. Aliyekwamwa na tonge akawa anakufa, na hapana ila tembo, humpasa kuteremsha tonge lile kwa tembo. Na mwenye njaa ya kufa humpasa kula nyamafu. Kwa nini? Kwa kuwa faida yake ni ya yakini. Na levothairoksini kwa mtu ambaye tezi yake imekatwa si jambo la kubahatisha. Ni jambo lililojulikana tangu mwanamke wa Newcastle mwaka 1891. Akiiacha, kuugua ni hakika. Huyo hakutawakali; amejinyima, na kujitia katika maangamizi kumekatazwa.

Tena, kutawakali ni kwa mtu na nafsi yake. Hana mtu ruhusa ya kutawakali kwa mwili wa mkewe, wala kwa akili ya mtoto wake mchanga, wala kwa moyo wa mama yake mkongwe.

MAS-ALA YA SITA: MUME NA GHARAMA YA DAWA

Wanafunzi wa Minhaji wanajua kuwa Imamu Nawawi ameandika ya kwamba mume hawajibikiwi na thamani ya dawa ya mkewe wala ujira wa tabibu. Wako waume wasiojua katika Minhaji lolote jingine, ila mstari huu wameuhifadhi. Basi na wasikilize na yaliyobaki.

Hukumu ile ni ya mbele ya kadhi, juu ya kile ambacho mke aweza kudai kuwa deni la nafaka. Haisemi kuwa mume mwenye uwezo na amtazame mkewe akififia. Ameamrishwa katika Kitabu kukaa naye kwa wema, na wema hujulikana kwa ada ya watu. Mashua yake ikivuja humlipa fundi wa kalafati siku ile ile. Punda wake akichechemea humwita wa kumtazama. Basi ni wema gani huu, alipe kwa mbao na kwa mnyama, asilipe kwa mama wa watoto wake? Tena mke huyo akiwa hana mali, na dawa yake ni kama chakula cha mwenye dharura, kumwokoa ni faradhi ya kutosheleza juu ya kila mwenye uwezo katika Waislamu. Na ni nani aliye karibu naye kuliko yule alalaye naye nyumba moja?

Na jamaa aliye ng'ambo akiandika kuwa dawa yake imeadimika, asijibiwe kwa dua peke yake. Dua ni ibada. Na kumtafutia tabibu wa kumbadilishia dawa, au kumpelekea nauli ya kumfikia, ni ibada vile vile.

YAPASAYO KUFANYWA

Mgonjwa aonapo kuwa dawa yapungua, na amwendee tabibu kabla haijakwisha. Asiruke siku ili vidonge vidumu, wala asivikate kwa kukisia. T4 hukaa mwilini, hata baada ya siku 7 hivi bado nusu yake imo. Kwa hiyo siku moja iliyokosekana si ya kutia khofu, na nafasi ya kutafuta iko. Lakini T3 hupungua upesi, na majuma yakipita bila ya dawa ugonjwa hurudi kimya kimya.

Kuhama kutoka kidonge cha nguruwe kwenda levothairoksini ni kazi ya tabibu, maana mizani ya dawa mbili hizi si moja. Damu hupimwa tena baada ya majuma 6 hadi 8, kisha kipimo hutengenezwa. Katika muda huo mgonjwa huenda asijione sawa, na hapo ndipo pahitajiwapo subira. Subira ya kungoja dawa ikae sawa, si ya kuiacha. Mkongwe na mwenye maradhi ya moyo na wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa kuzidisha huupiga moyo mbio. Mwenye mimba asikose hata siku moja, na amwambie tabibu mara tu ajuapo ana mimba, kwani haja yake huzidi.

Dawa hii humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa moja kabla ya chakula na kahawa. Dawa za chuma na za chokaa zikae mbali nayo saa 4. Katika Ramadhani mgonjwa hana haja ya kula mchana kwa ajili yake: huimeza usiku, chakula cha kufuturu kikiisha kushuka, au aamkapo kabla ya daku. Basi aliyeacha dawa mwezi mzima kwa ajili ya saumu ameacha pasipo sababu.

Na wako wanaoelekezwa kwenye mwani kuwa badili ya dawa, kwa kuwa mwani una aidini, na Unguja una mashamba yake huko Paje, Jambiani na Bwejuu. Mwani ni riziki njema kwa walimao, lakini si dawa ya huyu. Aidini ni mbao, na tezi ni seremala. Seremala akifa, kurundika mbao hakuleti mlango. Na ambaye tezi yake yashambuliwa na mwili wake, wingi wa aidini huweza kumzidishia ugonjwa. Wala asinunue vidonge visivyojulikana vilikotoka, kwani ikiwa dawa za viwanda zilirudishwa mwaka 2020 kwa kipimo kupotoka, basi za mtu asiyejulikana zina uhakika gani?

KHATIMA

Jumla ya haya ni mambo matatu. Cha nguruwe ni cha nguruwe hata kikiitwa cha asili, na Muislamu aliye na badili ya halali hana udhuru. Aliyekosa badili kwa haki, mlango wa dharura ameufunguliwa na Mola wake, wala asitokee mtu wa kumfungia. Na mgonjwa aliye chini ya mkono wa mtu ni amana. Asipotafutiwa dawa, aliyemkabidhiwa ndiye atakayeulizwa.

Basi kila mwanamume na arudi nyumbani kwake akamtazame vizuri yule amwitaye mvivu. Akimwona ana baridi wakati wa kaskazi, na sauti imemkwaruza, na nywele zimemtoka, asinyanyue ulimi. Amshike mkono ampeleke akapimwe damu.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wa Kiislamu walio karibu na walio mbali, uwape dawa iliyo halali na uitie baraka, na uwape waangalizi wao macho ya kuona na mikono ya kutoa. Na umrehemu Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Walhamdu lillahi rabbil aalamin.